Bata Bukini wa Kipande cha Tatu

Kila Jumamosi ya majira ya baridi, ikigonga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kokoto moja iligonga kioo cha dirisha la Hatsumi. Hakuwa na haja ya kuchungulia. Alijua kwamba ni Wakana, binti wa mama yake mkubwa, amesimama nje kwenye theluji na darubini shingoni, amevaa kofia ya sufu iliyomfunika mpaka nyusi.

"Hatsumi! Kumekucha!"

"Kumekucha kwenu. Kwetu bado."

"Ndege hawatakungoja."

"Na wasiningoje! Nani kawaomba?"

Lakini aliamka. Alivaa soksi mbili mbili, akatia vifuko vya joto mifukoni, akachukua tonge la wali lililofungwa kwa mwani ambalo mama yake alikuwa amemwachia mezani, na kutoka huku akinung'unika. Wasichana hao wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili na walisoma darasa la sita katika shule ya kijiji cha Ashinuma. Nyumba zao zilitenganishwa na ua mmoja tu.

Shule yao ilikuwa na chama cha kuangalia ndege. Kila jozi ya wanachama ilipewa sehemu yake ya kinamasi kikubwa kilichoota matete, nayo ilipaswa kuandika kwenye fomu ndege iliowaona: ni wa aina gani, ni wangapi, na walikuwa wakifanya nini. Hatsumi na Wakana walipewa vipande vitatu vya upande wa mashariki. Kipande cha kwanza na cha pili vilikuwa kando ya barabara. Cha tatu kilikuwa mbali, ng'ambo ya mfereji, penye mierebi na tope linalovua mtu buti.

Hatsumi hakuwachukia ndege. Alichoshindwa kuvumilia ni kuwaangalia pamoja na Wakana.

"Umeandika mwewe," Wakana alikuwa akisema, huku akichungulia fomu. "Mwewe mkia wake una panda. Yule mkia wake ulikuwa wa duara. Ni kipanga."

"Kipanga, mwewe, si wote wanakula panya?"

"Basi na wewe na mbweha ni kitu kimoja, maana wote mnakula mayai."

"Wewe Wakana, nani kakufanya mwalimu mkuu wa ndege?"

Hivyo ndivyo zilivyopita Jumamosi zao, Desemba, Januari, mpaka Februari ikafika mwisho. Theluji ilianza kuyeyuka kwenye mashamba ya mpunga. Miplamu ilichanua nyuma ya hekalu. Ndege mdogo wa kahawia tunayemwita uguisu alianza kujifunza tena wimbo wake vichakani, akigugumia na kuukatisha katikati. Na siku ya Jumanne, mchana kweupe, bata bukini waliokaa nasi majira yote ya baridi waliinuka kwa maelfu, wakapiga kelele kama soko zima limehama, wakaelekea kaskazini. Kijiji kizima kilitoka nje kuwatazama.

Bata wakishaondoka, sisi wa Ashinuma huyachoma matete makavu. Tusipoyachoma, machipukizi hukosa mwanga, wadudu huzaana, na miiba huota kila mahali. Moto huwashwa Jumapili ya kwanza ya Machi. Siku moja kabla, wanachama wa chama cha ndege hupita kila kipande kuhakikisha kwamba hakuna ndege mgonjwa au aliyeumia humo ndani. Anayeweza kuruka ataruka. Asiyeweza ataungua.

Ijumaa ya mwaka huo Wakana alishikwa na homa. Jioni akamtumia Hatsumi ujumbe kwenye simu ya mama yake. Ulikuwa na mambo saba, kila moja na namba yake. Namba moja: vaa glavu. Namba mbili: tembea polepole. Namba tatu: simama kila hatua ishirini usikilize. Kufika namba saba, Hatsumi alikuwa amekwisha kuitupa simu juu ya mto.

"Kesho saa tatu kamili tunaondoka," mama yake alimkumbusha. "Fundi wa sare hatatusubiri. Watoto wote wanaoingia sekondari wanapimwa kesho. Ukichelewa, utashonewa kwa vipimo vya binamu yako."

"Vya Wakana? Bora niende na pajama."

Asubuhi ilinyesha mvua ya theluji, ile isiyo mvua wala theluji, inayoingia shingoni bila hodi. Hatsumi alipita kipande cha kwanza. Aliona shomoro wa matete na bata wawili wa kawaida. Akapita cha pili. Hakuona kitu. Alipofika kwenye mfereji, saa ilikuwa mbili na nusu. Ubao wa kuvukia ulikuwa umezama kwenye maji. Alitia mguu mmoja ukingoni, tope likamshika buti, akavuta, mguu ukatoka na soksi tu.

Alisimama kwa mguu mmoja kama korongo, akavuta buti kwa mikono miwili, akaanguka makalio chini.

"Basi!" alipiga kelele peke yake. "Yametosha! Bata wenyewe wameshaondoka, kijiji kizima kimewaona!"

Alijifuta tope, akatoa fomu iliyolowa pembeni, akaandika mbele ya kipande cha tatu: *Hakuna ndege.* Akarudi kijijini, akaipitisha dirishani kwa Mwalimu Nagatsuka, msimamizi wa chama, ambaye alikuwa akikusanya fomu katika ofisi ya kijiji.

"Vipande vyote vitatu?" mwalimu aliuliza. "Peke yako? Hongera sana."

"Asante, Mwalimu," Hatsumi alijibu, akakimbilia kwenye gari la mama yake.

Alipimwa sare. Ilimkaa vizuri. Lakini njia nzima ya kurudi ile "hongera" ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili watu wapatao sitini walikusanyika kwenye tuta la kinamasi. Gari la zimamoto lilikuwepo, mabomba yamekwisha kunyooshwa. Wazee walikuwa na mienge ya mianzi. Mbele yao alisimama Mzee Isomura, kiongozi wa uchomaji, mtu mfupi mwenye mabega mapana, ambaye kwa miaka thelathini ndiye aliyewasha mwenge wa kwanza. Asubuhi hiyo hakuwa na furaha. Vijana watatu walichelewa, mashine moja ya kukatia nyasi ilikataa kuwaka, na redio ilisema upepo ungegeuka saa nne na nusu.

"Saa tatu na robo tunawasha," alitangaza kwa kipaza sauti. "Upepo ukishageuka, moto utaelekea kwenye nyumba, kwa hiyo tutauzima hata kama kazi haijaisha. Sasa mnaozungumza huko nyuma, mnazungumza nini? Njooni mzungumzie huku, nasi tusikie!"

Hatsumi alikuwa amesimama pembeni aliposikia sauti nyuma yake.

"Kipande cha tatu kulikuwaje?"

Alikuwa Wakana, amevaa barakoa na skafu mbili, macho mekundu kwa homa.

"Wewe si unaumwa? Rudi kitandani!"

"Homa imeshuka. Kulikuwaje?"

"Hakuna kitu. Nimeandika."

"Ulivuka ule ubao?"

"Nilivuka," Hatsumi alisema. Na hilo lilikuwa neno la pili la uongo, nalo lilitoka kwa urahisi kuliko la kwanza.

Wakana alikuwa ametazama juu. Bata bukini mmoja, peke yake, alikuwa akizunguka angani upande wa mashariki. Alizunguka mara moja, mara mbili, akishuka karibu na mierebi na kupanda tena, akilia kwa sauti kali.

"Kachelewa basi, huyo," alisema kijana mmoja, na wenzake wakacheka.

Hatsumi hakucheka. Majira yote ya baridi, kila walipokaa kwenye tuta wakila matonge yao ya wali, Wakana alikuwa amemtoboa masikio kwa jambo moja: bata bukini huishi wawili wawili, na mmoja akishindwa kuruka, mwenzake haondoki. Hatsumi alikuwa amelisikia mara hamsini. Kila mara alikuwa amesema, "Nimekusikia, bwana!" Sasa alilisikia kweli.

Alimtazama yule bata akishuka tena mahali palepale. Akamtazama Mzee Isomura, aliyekuwa ametoa kiberiti.

Miguu ilikwenda kabla hajaamua.

"Mzee Isomura! Mzee, subiri!"

"Nini tena?"

"Kipande cha tatu..." Watu sitini waligeuka kumtazama. Shingo na masikio vilimwaka moto. "Kipande cha tatu sikukipita. Niliandika hakuna ndege, lakini sikufika. Nafikiri kuna bata humo. Mwenzake ndiye yule juu."

Mzee Isomura aliirudisha njiti ya kiberiti ndani ya kisanduku, taratibu sana, kama mtu anayejizuia asivunje kitu.

"Hukufika," alisema.

"Sikufika."

"Lakini uliandika."

"Niliandika."

"Watu sitini. Gari la zimamoto. Upepo unageuka saa nne na nusu." Alivua kofia, akajikuna kipara, akaivaa tena. "Jamani! Vijana wanachelewa, mashine haiwaki, na sasa hata karatasi zinasema uongo! Nagatsuka!"

Mwalimu Nagatsuka alikuwa amekwisha kusogea. Alimtazama Hatsumi, na Hatsumi akaona kwamba hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

"Tupe dakika arobaini, Mzee," mwalimu alisema.

"Nawapa thelathini."

Waliondoka mbio: mwalimu, Hatsumi, na Wakana ambaye mwalimu alimkataza mara tatu na mara tatu akajifanya hasikii. Mwalimu aliwagawia glavu na kumpa Hatsumi barakoa. "Hakuna kumgusa ndege wa porini kwa mikono mitupu," alisema. "Mkimwona, simameni, mniite."

Kwenye mfereji, ubao ulikuwa umezama zaidi ya jana. Hatsumi aliingia majini moja kwa moja. Baridi ilimkata magoti. Tope likamshika buti, naye safari hii hakusimama kulivuta; aliliacha humohumo akaendelea.

Ndani ya matete hawakuona hata hatua tatu mbele. Mabua makavu yalikuwa marefu kuliko mwalimu, yakikwaruza uso. Hatsumi alitaka kukimbia huku na huko, lakini Wakana alimshika mkono.

"Polepole. Hatua ishirini, halafu sikiliza."

"Tuna dakika thelathini, wewe!"

"Ndiyo maana. Ukikimbia utasikia matete tu."

Hatsumi aliuma meno. Walihesabu hatua ishirini, wakasimama. Hawakusikia kitu ila upepo. Hatua ishirini nyingine, wakasimama tena. Juu yao yule bata alipita chini kabisa, akalia. Na kutoka ardhini, upande wa kushoto, sauti dhaifu ikamjibu.

"Pale!" wote wawili walinong'ona pamoja.

Alikuwa chini ya mwerebi, amelala ubavu, shingo imenyooshwa. Uzi wa kuvulia samaki ulikuwa umemzunguka bawa na mguu, kisha ukajifunga kwenye shina la mti. Kadiri alivyojivuta ndivyo ulivyokaza. Manyoya yake yalikuwa na damu, na tope lililomzunguka lilikuwa limechimbwa na mguu wake mmoja mpaka likawa shimo.

Hatsumi aliangalia lile shimo. Halikuwa limechimbwa asubuhi moja.

"Mwalimu! Huku!"

Mwalimu Nagatsuka alivua koti na kumfunika bata kichwa ili asiogope. Bata hakukubali kutulia. Alimng'ata mwalimu kidole, akampiga Wakana kofi la bawa zima, na alipofunguliwa mguu akampiga Hatsumi teke la kidevu.

"Tunakuokoa, mjinga wee!" Hatsumi alimfokea, huku machozi yakimtoka.

"Mshike mabega, si shingo," alisema Wakana.

"Nimemshika mabega!"

"Hayo ni makalio yake!"

"Nyamazeni wote wawili," alisema mwalimu, "nisije nikajikata kidole badala ya uzi."

Aliukata uzi kipande kwa kipande kwa mkasi mdogo. Ulikuwa umezama ndani ya ngozi, na kazi ilihitaji subira. Walipotoka kwenye matete, mwalimu akiwa amembeba bata kama mtoto mchanga mwenye hasira, ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

Mzee Isomura aliwatazama: mwalimu na wanafunzi wawili waliojaa tope, mmoja hana buti. Aliwasha mwenge.

Moto ulishika upande wa magharibi kwa mlio mkubwa, moshi ukapanda mweupe kisha mweusi. Wanaume walikimbia kando yake na mabomba. Lakini saa nne na nusu, kama redio ilivyosema, upepo uligeuka. Mzee Isomura alipuliza filimbi, maji yakamiminwa, na moto ukazimwa. Upande wote wa mashariki ulibaki bila kuchomwa. Kibali cha kuchoma kilikuwa cha siku hiyo tu.

Bata alipelekwa kwenye kidimbwi nyuma ya hekalu, mahali pasipofika moto. Daktari wa mifugo alikuja akampaka dawa, akasema mfupa ni mzima. Yule mwenzake alizunguka juu ya hekalu nusu saa nzima kabla ya kutua, na alipotua alimpigia mwenzake kelele ndefu sana, hata Wakana akasema, "Anamgombeza."

Jumatatu Hatsumi alikwenda kwa Mwalimu Nagatsuka akiwa na kifutio mkononi.

"Naomba fomu yangu, Mwalimu. Nifute."

Mwalimu aliitoa kwenye faili, akaiweka mezani, lakini akakichukua kile kifutio. "Hatufuti. Piga mstari mmoja juu ya ulichoandika, kiendelee kusomeka. Chini yake andika ukweli. Kisha tarehe na jina lako."

"Itakaa humu siku zote? Hata watoto wa mwakani wataiona?"

"Wataiona."

Hatsumi alipiga mstari juu ya maneno *Hakuna ndege*, akaandika kwa herufi zilizonyooka: *Sikufika.*

Matete ya mashariki yalibaki kukatwa kwa mkono. Hiyo ndiyo kazi ya Jumamosi tatu zilizofuata, nayo haikuwa ya Hatsumi peke yake, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Walikuja wazee wenye migongo mibovu. Alikuja mama yake, ambaye njia nzima hakuacha kusema kuhusu sare na tope. Alikuja Wakana, akamwonyesha kila mtu namna sahihi ya kushika mundu, mpaka mzee mmoja akamwomba akatafute kazi upande mwingine wa dunia.

Jumamosi ya tatu, Hatsumi alikuwa akifunga mganda wa matete, malengelenge yamejaa viganjani, Mzee Isomura alipokuja akakaa karibu naye na chupa ya chai ya moto. Alimimina kwenye kifuniko, akampa.

"Mzee," Hatsumi alisema bila kumtazama, "najua mnanichukia wote."

"Mgongo wangu ndio unaokuchukia. Mimi mwenyewe sina nafasi." Alikunywa chai yake. "Ulipofika kwenye ule mfereji, ulikuwa umechoka?"

"Sana. Na nilikuwa nimelowa. Na nilikuwa nimechelewa. Na Wakana alikuwa amenichosha hata akiwa kitandani."

"Huo si ubaya. Hata mimi Wakana amenichosha, na nimefanya naye kazi wiki tatu tu." Aliweka chupa chini. "Sasa nisikilize, mjukuu wangu. Ungeandika *sikufika*, ningemtuma kijana wa zimamoto. Ni kazi ya nusu saa. Bata angefunguliwa siku ileile, matete haya yote yangekuwa majivu, na mimi ningekuwa nyumbani nimenyoosha miguu. Mtu asiyefika hanidhuru. Naweza kumtuma mwingine. Lakini anayeandika *hakuna* bila kufika amenifumba macho, kisha ananiambia niwashe moto."

Chai ilikuwa chungu, naye Hatsumi aliinywa yote.

"Nilidhani mkijua sikufika mtaniona mvivu," alisema.

"Tungekuona mvivu siku moja. Tungesahau kufikia Jumatatu. Uongo ndio unaotukatisha matete mpaka leo." Mzee alisimama, mkono kiunoni, akiguna. "Lakini ulisema mwenyewe, mbele ya watu sitini, kabla sijawasha kiberiti. Miaka thelathini nimesimama pale, na nawajua watu wazima ambao wangenyamaza. Kazi isiyokamilika husemwa hivyo hivyo kwamba haijakamilika. Ukilishika hilo, nitakupa kinamasi kizima ukilinde."

"Hatsumi!" Wakana alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye tuta. "Wameondoka! Wote wawili! Mlinzi wa hekalu amewaona alfajiri, wameelekea kaskazini!"

Hatsumi aliinuka ghafla, akaangusha kifuniko cha chai.

"Wewe umewaona?"

"Mimi? Hapana. Nimeambiwa."

"Basi usiandike kwanza," Hatsumi alisema, huku akichukua darubini na kuanza kushuka kuelekea kidimbwini. "Twende tukaangalie."